Malkia Anaondoka Dukani

Asiyejua kuondoka dukani asijisumbue kupatana bei. Muuzaji hashuki kwa maneno matamu. Hushuka akiuona mgongo wako mlangoni. Hayo nilimfundisha jirani yangu, fundi cherehani, na kwenye vitambaa na vifungo akawa moto wa kuotea mbali.

Kwa mtoto ndiko alikokuwa hapatani bei. Binti yake, tunayemwita Malkia, alizaliwa miguu haina nguvu. Baba mtu aliaga anakwenda kutafuta maisha. Mpaka leo bado anayatafuta. Mazoezi ya viungo yalikula cherehani ya kwanza, yakala ya pili, fundi akabaki kupinda nguo kwa mkono. Tena asubuhi mteja anakuta mlango umefungwa, fundi kambeba mtoto kumpeleka shule. Mteja hangoji, anahamia kwa mwingine. Gharama hiyo hakuna hospitali inayokuandikia risiti.

Malkia naye akawa anakua, kama watoto wanavyokua bila kuomba ruhusa. Mgongo wa mama ukagoma. Daktari hakuzunguka: akiendelea kubeba, watakuwa wawili wa kubebwa. Ama kiti cha magurudumu, ama mtoto akae nyumbani.

Tukapanda bajaji mpaka kwa muuza vifaa vya hospitali vilivyotumika. Muuzaji mwenyewe akamshusha Malkia, akamkalisha kwenye kiti kimoja, kikamkaa kana kwamba kimeshonwa kwa vipimo vyake. Mama mtu akatabasamu. Nikamkanyaga mguu, lakini nimechelewa; muuzaji ameshaliona tabasamu. Akataja bei ya kuuzia nyumba, akaongeza kwamba hapo ametuonea huruma.

"Huruma weka kando, kaka," nikamwambia. "Tutajie ya kiti peke yake."

Akashuka kidogo, akakwama. Pesa zilizofungwa kitambaani hazikufika. Saa ya kuondoka ikawadia, ndipo nikauona mtego: mtoto yumo kitini. Kuondoka ni kuinama na kumnyanyua, na mgongo ule usingenyanyua hata paka, wala wangu haumwezi. Muuzaji alilijua hilo. Akaanza kufuta meza, hana haraka.

"Mama, bei haishikiki," Malkia akasema. "Twende zetu."

Akashika magurudumu, akageuza kiti, akaelekea mlangoni, shingo imenyooka, hatazami nyuma. Sisi tukafuata kama wapambe wake.

Muuzaji akatoka mbio. "We mtoto, unakwenda wapi na kiti changu?"

"Naondoka, mjomba. Si umekataa?"

"Huondoki na mali!"

"Haya, njoo unibebe."

Jamaa akasimama mlangoni, kitambaa cha kufutia mkononi. Wapita njia walishaanza kucheka. Akamtazama Malkia, akamtazama mama yake, naye kicheko kikamshinda. Akatuambia tutoe tulicho nacho, tumwachie duka lake. Nikadai na mto wa kukalia, akatoa.

Hatujafika hata kona, Malkia analalamika viganja vinamuuma, anataka glavu. Mama yake akamjibu atamshonea mwenyewe, vipande vya suruali vipo tele.

Malkia akamuuliza kwa bei gani.