Visu Viwili vya Mashine ya Majani

Juzi nilipita Upanga nikakuta watu wakikata majani, na ile harufu ya majani mabichi na petroli ikanikumbusha baba. Alasiri moja nilipokuwa mdogo, kwenye karakana yake Mchafukoge, alikuwa ameilaza ubavu mashine kubwa ya kukatia majani, mikono yake iko chini yake, akifunga visu viwili, kimoja juu ya kingine. Mimi niliamini mashine imelala usingizi tu. Spana ilipodondoka sakafuni, nilipiga kelele, "Baba, inaamka!"

Baba alicheka, akanionyesha viganja vyake vyeusi kwa grisi. "Haiwezi, mwanangu. Plagi nimeichomoa. Hii hapa, ishike."

Leo najua kwamba bila plagi ya kutoa cheche injini haiwaki. Siku ile niliifumbata kwa nguvu, nikakataa kumrudishia mpaka alipomaliza kukaza nati na kuitoa mikono yake, mizima.