Rafiki Aliniletea Kiitikio, Karatasi Ikabeba Jina Langu Peke Yake

Mhariri, ficha jina langu, ila usiwafiche wasomaji kwamba nina sura ya kutazamika. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, naishi Sokon One hapa Arusha. Shule niliiacha kidato cha pili baada ya mimi na hesabu kushindwa kuelewana. Wazazi wangu ni watu wa Kondoa, Waislamu, na hilo lishikeni, maana ndilo lililonimaliza.

Naimba. Siyo kuimba bafuni, naimba hasa. Tangu redio za watu binafsi zianze kupiga nyimbo za vijana nilijua zamu yangu inakuja. Kasoro yangu ilikuwa moja tu: mistari ninayo tele, kiitikio sina. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana, nimwite Eliudi, Mmeru wa Maji ya Chai, ndiye aliyenitoa. Alikuja gheto kwangu, akakalia ndoo, akaimba kwa la-la-la bila maneno. Mwili ulinisisimka.

"Umeitoa wapi hii, arifu?"

"Kichwani. Nilikuwa Momela kwa mjomba, ikaja yenyewe."

Nikaamini. Nikatia maneno yangu ya mapenzi, tukaenda studio. Kwenye karatasi ya studio, palipoandikwa mtunzi, nilitaka tujaze wawili. Eliudi akanisukumia kalamu. "Andika lako tu. Staa ni wewe, mimi nitatembea nyuma yako kama mlinzi." Nikaandika, tena kwa herufi kubwa. Nilidhani ni heshima.

Wimbo ukapigwa redioni mpaka mama wa vitumbua mtaani kwetu akaacha kuniita mhuni, akaanza kuniita msanii. Tukaalikwa kuimba Maji ya Chai siku ya soko. Hapo ndipo nilipojiona mfalme, maana nilipofika kwenye kiitikio, wamama wa ndizi wote waliitika kabla yangu, tena kwa sauti nne zilizopangika! Nikawaelekezea maiki, nikafumba macho kwa raha. Halafu nikasikia wanamtaja Yesu. Nikafumbua. Maneno yao hayakuwa yangu. Wote walikuwa wanacheka, isipokuwa mzee mmoja aliyevaa koti.

Niliposhuka akanifuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Umeimba vizuri. Nani amekutungia?"

"Nimetunga mwenyewe, maneno na sauti." Nilisema hivyo mbele za watu!

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi hawa kina mama niliwafundisha nikiwa usingizini."

Kumbe ni mwalimu wa kwaya. Akanipa hadi Jumapili inayofuata nieleze ukweli, la sivyo atakwenda kwenye sheria.

Eliudi nilimkuta amejibanza nyuma ya spika. Nikamkunja shati. Unajua alinijibu nini? "Wimbo ni wangu, nimeununua mnadani!" Huko kwao ibada ikiisha, vitu vilivyotolewa sadaka vinanadiwa nje ya kanisa: ndizi, mayai, kuku. Siku moja kwaya ikatoa kanda yao kama sadaka, Eliudi akawashinda wenzake kwa bei. "Mzee wa kanisa alitamka mbele ya usharika mzima, imeenda, ni yako. Kuku ukimnunua, mayai yake si yako?"

"Sasa kama ni wako, mbona hukuandika jina lako?"

Akainama kukunja nyaya za spika.

Nikatafuta mtaalamu. Mjini kuna mama mmoja mwanasheria anayeshughulikia mambo ya nyimbo. Alisikiliza kanda zote mbili, kisha akamwita mwalimu wa muziki aziandike kwa do-re-mi, moja chini ya nyingine. Zimefanana kama miguu yangu. "Mwanangu," akasema, "mwenzako alinunua kanda. Wimbo uliomo haukunadiwa." Akaniagiza niziombe redio ziache kuupiga kwanza, nisiende kujitetea popote, na nimwandikie maelezo: wimbo niliupataje, na nani aliniletea. "Usipomtaja, karatasi ya studio inasema ni wewe. Sina pa kukukingia."

Nikampelekea Eliudi habari hizo. Hata pole hakunipa. Ndoa yake imeshatangazwa kanisani mara mbili, imebaki mara moja, Jumapili hiyohiyo. Akitajwa, anaogopa usharika utamtenga na harusi itasimama. Suti zake nimemsindikiza mimi kushonesha!

"Beba wewe," akasema. "Wewe Muislamu, watakutenga na nini?"

"Mimi ni rafiki yako, Eliudi."

Akacheka. "Kwani unadhani kwa nini nilikuletea wewe? Maji ya Chai wamejaa wanaoimba kukushinda. Ila wao wangeujua."

Wasomaji, mimi ni mtu wa kutamba, nakubali, hata barua hii mmeiona. Lakini siku hiyo sikuimba hata mstari mmoja, na jirani yangu akaja kuuliza kama naumwa. Miaka yote nilidhani alinichagua kwa sauti yangu. Kumbe alinichagua kwa sababu sijawahi kukanyaga kanisani kwao.

Leo ni Alhamisi. Karatasi ya mwanasheria iko hapa mezani. Nimeandika vizuri tu hadi pale pa "wimbo huu nililetewa na", kalamu ikagoma. Yule binti anayeolewa hajanikosea kitu. Mwalimu wa kwaya naye hajanikosea kitu. Ninyi mnaojua kuishi na watu, niambieni kabla ya Jumapili: hapo nimalizie kwa jina gani?