Siku Zege Lilipolala

Msemo wa kwanza niliofundishwa saiti ni kwamba zege halilali. Likishachanganywa lazima limwagwe, jua liwake au mvua inyeshe, uwe na homa au uwe na msiba. Msemo wa pili niliusikia baadaye, kwa sauti ya chini, wakati mtu fulani akibebwa kuelekea getini: ajali haina kinga. Nilifanya kazi kati ya misemo hiyo miwili baada ya kumaliza kidato cha sita, na hadi leo, ninapoandika riwaya zangu kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Sakina, siukubali hata mmoja.

Mama yangu alikuwa mwimbishaji wa zege. Nyumba nyingi za ghorofa za watu binafsi hapa Arusha hupandishiwa zege kwa mikono. Watu husimama mstari mmoja kutoka kwenye mashine hadi juu; karai lililojaa hupanda mkono kwa mkono, karai tupu hurushwa chini na kudakwa. Mstari usio na wimbo huchoka mapema. Kwa hiyo kila kikosi kina mtu wa kuimbisha, naye husimama juu kabisa ambako wote wanamwona, na anavyoimba ndivyo mikono inavyokwenda. Mama alikuwa na koo la kwaya ya usharika. Jumapili alimwimbia Mungu, siku nyingine aliliimbia zege. Hata mafundi wenye mvi walimwita Yeyo, kama nilivyomwita mimi, maana ndivyo sisi Waarusha tunavyomwita mama. Alijulikana kwa jambo moja: mstari wake ulikuwa haujawahi kukatika. Wasimamizi walimfuata nyumbani kwa sababu hiyo. Sufuria yetu ilikaa jikoni kwa sababu hiyo.

Mwaka ule tulikuwa Njiro, kwenye nyumba ya ghorofa moja iliyozungushiwa ukuta kabla haijapata hata dirisha. Kofia ngumu zilikuwepo, za njano, stoo. Zilikuwa na kazi nyingi kuliko sisi. Moja ilitunza misumari, nyingine ilibeba maparachichi ya mama lishe, na kwenye ile ya pembeni kuku wa mlinzi alikuwa akitagia. Mgeni wa kukagua alipokaribia, mlinzi aligonga nondo kwa nondo, kuku akafukuzwa, na kila mtu akachomoka na kofia yake. Nilimwona fundi mmoja akimsalimia mkaguzi kwa heshima zote huku msumari umenasa kwenye nywele zake.

Mimi niliivaa yangu hata bila mgeni, na nililipia kwa kuzomewa.

"Sista, hiyo sufuria inaiva saa ngapi?"

"Ikiiva nitakuita uoshe vyombo."

"Oya, mwacheni msomi! Anaogopa kunguru watamnyea mawazo."

Walicheka, nikacheka nao, kofia ikabaki kichwani. Sikuwachukia. Walikuwa watu wenye nguvu na mizaha, na walijua kabisa jinsi mtu anavyovunjika. Tatizo lilikuwa kwamba pale saiti woga ulikuwa aibu kubwa kuliko kilema.

Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa ya kipupwe. Mlima Meru ulikuwa umejifunika ukungu hadi miguuni, manyunyu yalikuwa yameanguka usiku kucha, na udongo ulikuwa laini kama ugali ambao haujaiva. Ili mstari ufike juu, mafundi walikuwa wamejenga njia ya mbao juu ya mirunda, ile miti mirefu ya mkaratusi inayofungwa kwa waya. Tuliiita daraja. Mama alisimama kileleni mwake, kanga imekazwa kiunoni, akaanza kuimba. Mimi nilikuwa chini, hatua chache kutoka kwenye mguu mmoja wa daraja.

Karai likapanda, na jingine. Kisha nikaona mrunda ule ukishuka. Ulishuka kidogo tu, kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti, na maji machafu yakapanda kuuzunguka. Chini yake palitakiwa kuwa na kipande cha ubao cha kuuzuia usizame. Hakikuwepo. Nikageuka kwenye moto ambao watu walikuwa wameuota walipofika, ambapo birika la chai lilikuwa bado linafuka, nikaona ncha ya ubao wenye matone ya zege kavu ikiungua taratibu. Ilikuwa baridi na kuni zilikuwa zimelowa. Vipande vile vilikuwa vikavu, vimejikinga chini ya daraja. Mtu alivichomoa, wote tukapata chai.

Karai lililofuata liliponifikia, nililitua chini.

"Simameni!"

Wimbo uliendelea mstari mmoja zaidi, ukakatika.

"Nani kakata?" Msimamizi alikuja akiruka madimbwi.

"Mimi. Mguu wa daraja unazama. Vibao vyake mmevipikia chai."

Aliutazama mrunda. "Unajikaza tu huo. Ukishafika kwenye udongo mgumu unatulia."

"Ukiwa unautafuta huo udongo mgumu, mama yangu yuko juu yake."

"Binti, zege halilali!"

"Leo litalala. Litalala lenyewe, Yeyo hatalala."

Mtu mmoja akapiga mluzi. Kijana mwingine akanyoosha mikono ili azibe pengo langu mstarini. Nikageuza karai tupu lililorushwa chini, nikalikalia mbele ya daraja, nikanyoosha miguu. Angetaka kupita, angepita juu yangu.

Kutoka juu sauti ya mama ilishuka, si ile ya kuimba.

"Pitisha karai, mwanangu."

"Sipitishi, Yeyo."

"Unaniaibisha mbele za watu."

"Shuka kwanza, ndipo nikuaibishe vizuri."

Mashine iliendelea kunguruma ikiwa imejaa. Mama mmoja, jirani yetu, aliyesimama nyuma yangu mstarini, akatua karai lake. Akafuata fundi mmoja, kisha mwingine, shingo upande, wakilalamika kwamba nimewaharibia siku. Mwisho alibaki mama peke yake juu ya mbao. Akashuka polepole, macho mbele, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri.

Daraja halikuanguka. Nasema wazi, kwa sababu kila ninaposimulia habari hii watu huvuta kiti wakisubiri liporomoke ili wanipe haki yangu. Haki yangu sikuipata kwa mrunda. Nilikuwa nayo tangu nilipotua karai, na ningekuwa nayo hata kama daraja lile lingesimama miaka mia.

Waliweka vibao vipya, wakaendelea mchana. Lakini zege la asubuhi lilikuwa limeshaanza kukauka. Wakalimwaga karibu na geti, nundu nzito ya kijivu. Jioni msimamizi alituambia tusirudi, mama na mimi.

Mama hakunisemesha. Alinipakulia makande kimya, akaosha sahani kimya. Jumapili aliimba kwaya bila kugeuka upande niliokaa. Nilimwacha, wala sikuomba radhi, kwa kuwa sikuwa na cha kuombea. Ndipo jioni moja, tukiwa tunachambua maharage, akasema bila kuinua macho:

"Nilisikia ubao ukishuka chini ya kisigino changu."

"Ile siku?"

"Kabla hujapiga kelele. Nikaongeza sauti."

"Kwa nini, Yeyo?"

"Ningekataje mstari wangu mwenyewe?"

Tangu siku ile nimesikia wengi wakisema wafanyakazi huumia kwa uzembe, kwa ujinga, kwa kupuuza. Mama hakuwa mzembe. Aliujua mguu unaozama kuliko sisi wote, akauimbia, kwa kuwa tulikuwa tumempa heshima ambayo ingeisha siku atakaposema ngoja.

Tuliitwa tena baada ya muda, kwenye saiti ya Kimandolu, na msimamizi mwingine. Mama alipanda juu, akakaza kanga. Watu wakanyoosha mikono kungoja wimbo. Badala yake akauliza kwa sauti ya kuimba, swali ambalo sikuwahi kulisikia saiti:

"Mguu umekaa?"

Watu wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba Yeyo amezeeka. Mama akauliza tena, na mimi nikainama, nikautazama mrunda wangu na ubao wake, nikaitikia: "Umekaa!" Aliyenifuata akainama. Wito ukapanda daraja mtu kwa mtu, kama karai.

Bado anaimbisha. Kila mara wimbo unapozunguka hukisimamisha kikosi kwa swali lile, na kila mtu hutazama chini kabla ya kuitika. Wasimamizi hukunja uso. Asipoitikiwa, hufunga mdomo wake pale juu, mikono kiunoni, na zege lilale litakavyo.