Nani Kamvusha Kipara Daraja?

Jumanne moja nilirudi kutoka kazini saa kumi jioni nikakuta mtu wangu kavuka daraja.

Nikakaa chini. Nikafikicha macho. Kavuka kweli.

Ngoja niwaeleze uzito wa jambo hili.

Mimi nasaga vioo vya miwani. Kutwa nzima nimeinama kwenye mashine, nasikiliza watu wanaolalamika kwamba hawaoni. Nikitoka huko, kinachonirudishia akili ni kimoja: gemu, padi yangu ya vitufe mkononi, mlango umefungwa.

Peke yangu. Zile za kucheza na watu mtandaoni sizitaki. Nilijaribu mara moja, nikatukaniwa ukoo mzima na mtu ambaye hata hatujasalimiana.

Za mpira pia hapana. Na gemu ambayo upanga unavunjika baada ya mapigo kumi, aliyeitengeneza alikuwa na ugomvi na dunia. Mimi nipe upanga unaodumu, farasi mtulivu na nchi kubwa ya kutembea. Basi.

Sasa kwenye hii gemu yangu kuna askari mmoja, mimi namwita Kipara. Mbele yake kuna daraja, na darajani kuna mnyama ukubwa wa ghorofa. Mnyama huyo alikuwa ameniua mara sitini na moja. Nilikuwa naandika.

Na leo mtu kamvusha.

Nikamfuata mke wangu jikoni. Ni muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu.

"Mke wangu, umegusa gemu?"

"Ile padi yako mimi naiona kama mende aliyekufa. Niiguse ya nini?"

Nyumbani tulikuwa watatu. Wa tatu ni mama mkwe, aliyekuja wiki mbili kwa ajili ya kliniki ya goti. Huyo hata sikumfikiria. Ni karani wa mahakama mstaafu, mama wa maneno machache. Kwa miaka minne mazungumzo yetu yalikuwa shikamoo, marahaba, karibu chai, ahsante.

Jumatano nikarudi, Kipara kavaa kofia mpya. Farasi kasuguliwa mpaka anang'aa.

Mwizi gani anaingia nyumbani kwa mtu, anamsugua farasi, anaondoka?

Alhamisi nikamdanganya bosi kwamba tumbo linanisokota. Saa sita mchana niko mlangoni kwangu, viatu mkononi, nanyata kama paka.

Sebuleni nikasikia sauti ya upole.

"Pole baba. Sogea huku, huko kuna tope."

Nikachungulia. Mama mkwe. Goti juu ya stuli, miwani puani, daftari pajani, padi mkononi.

Akageuka. Tukatazamana. Padi ikaingia chini ya mto taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Tumbo, mama."

"Pole."

Mimi na viatu vyangu mkononi. Kwenye runinga majambazi watatu wakaanza kumshushia Kipara kipigo.

"Mama, wanampiga."

"Nimewaona."

Akatoa padi chini ya mto, akawalaza wote watatu, akaiweka pajani. Hata kupepesa macho hakupepesa.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, ilianzaje?"

"Jumanne asubuhi uliiacha inawaka. Naingia kufuta vumbi, namkuta huyu baba kasimama kwenye mvua, anatetemeka. Nikaenda kupika, nikala, nikarudi. Bado kasimama. Nikasema hapana, huyu naye ana kwao. Nikabonyezabonyeza mpaka nikamfikisha barazani."

"Na yule mnyama wa darajani?"

"Yule hapendi kengele. Ukiigonga, anaondoka zake."

"Kengele ipi?"

"Ya yule mama muuza chumvi pale kijijini. Ukimwuliza habari za mwanawe, anakuazima."

Muuza chumvi nilimpita mara kibao. Ukweli wenyewe ni huu: mtu yeyote akifungua mdomo kwenye gemu, mimi nabonyeza kitufe cha kuruka maneno yake. Mama mkwe alikuwa amewasalimia wote na kuandika kila walichosema kwenye daftari, kurasa kumi na nane, mistari imenyooka.

Nikajisogeza kwenye kochi. Aibu ilianza kugeuka raha.

"Mama, sasa pita kushoto. Hapo chomoa upanga. Hapana, siyo huyo, mama, huyo wa nyuma..."

Akasimamisha mchezo.

"Baba."

"Naam, mama."

"Mimi nikicheza napenda kuwa peke yangu. Ukitoka, nirudishie mlango."

Mke wangu aliporudi alinikuta jikoni, nimekalia ndoo, na milio ya gemu inatoka sebuleni.

"Umefukuzwa?"

"Nimeombwa."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Wiki mbili zikawa tano. Goti lilipona mapema, gemu ndiyo ilikuwa haijaisha. Na mimi nikaanza kumwuliza mama mkwe maswali yanayozidi chai. Juzi kanisimulia kesi ya majirani wawili waliogombea ukuta miaka tisa, halafu wakaoana. Saa nzima. Nilikuwa na huyu mama ndani ya ukoo miaka minne, na sikuwa nimesikia hata kisa chake kimoja.

Ndugu zangu, mtu akifungua mdomo, mwacheni amalize.

Sasa samahani, zamu yangu ya gemu inaanza saa moja kamili na mama mkwe hachelewi kunidai padi.