Ombolezo Lililokosa Jibu

Metaxia hakuwa akiitikia mwito wa kwanza. Hilo kila mtu kijijini alilijua. Ukisimama nje ya mlango ukaita jina lake, alikaa kimya, hata kama ulimwona dirishani akimenya chungwa. Ukiita tena, ndipo aliposema, "Karibu." Huku kwetu, kwenye ncha ya rasi ya Mani, mbali kusini ya Athens, bibi zetu wote walifanya hivyo, kwa sababu marehemu huita mara moja tu, na anayemwitikia humfuata. Lakini Metaxia alikuwa msomi. Alifundisha fasihi chuoni Kalamata mpaka akastaafu, nami nilikuwa mwanafunzi wake kabla sijawa jirani yake. Darasani tulimtania.

"Mwalimu, na simu ikiita je?"

"Simu pokeeni tu. Marehemu hawana vocha."

Alifundisha jambo moja: riwaya ikigeuzwa filamu, mazungumzo yanakuwaje. Alituwekea kitabu upande huu na filamu upande ule, tukafuata kila kauli. "Msinieleze filamu imepunguza nini," alituambia. "Nielezeni nani ameulizwa, na hakujibu." Mwandishi, alisema, anaweza kumfichia mtu kimya chake katikati ya sentensi. Kwenye filamu kimya kina uso, na ukumbi mzima unautazama.

Filamu aliyoichambua kuliko zote ilipigwa picha hapa hapa kijijini, kutokana na riwaya ya ugomvi wa koo zetu. Wakati huo alikuwa binti aliyetoka kumaliza masomo, akaajiriwa kuwafundisha waigizaji wa Athens jinsi watu wa Mani wanavyosema. Kitabu alichoandika baadaye kinapitia mazungumzo yote ya filamu ile, isipokuwa tukio moja, la maombolezo. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba sauti ya pale si nzuri, akanigeuzia mgongo kutazama sufuria.

Sababu nilikuja kuijua mwezi wa Aprili mwaka jana. Nilikuwa jikoni kwake, tunakaanga vipande vya unga uliokandwa, kaka yake Liakos alipoingia na mkongojo wake. Asubuhi ile watu wa Athens waliokuwa wakiisafisha filamu walikuwa wamempigia Metaxia simu. Walitaka kuionyesha uwanjani kwetu mwezi wa Agosti, na walikuwa wamepata sauti ya siku yenyewe ya kupiga picha. Je, watumie hiyo, au ile ya studio iliyozoeleka? Uamuzi walimwachia yeye.

"Waambie ya studio," Liakos alisema hata kabla hajakaa. "Ni sauti yako, na watu wameizoea."

"Midomo haifuati maneno."

"Nani anatazama midomo ya waombolezaji?"

"Panagos ataitazama. Ni midomo ya mama yake."

Liakos alinitupia jicho. "Na huyu mwanafunzi wako lazima akae hapa?"

"Akae. Nimechoka kumdanganya."

Ndipo Metaxia akanieleza, huku kaka yake ameinamia kahawa. Riwaya ina sentensi moja tu: wanawake walimlilia mpaka alfajiri. Mwongozaji alitaka maombolezo ya kweli. Wanawake walikataa kuombolezea ndani ya nyumba isiyo na msiba, maana ni kuualika. Wakakubali kwenda shambani, kwenye mizeituni, mbele ya jeneza tupu. Aliyeongoza ni Stamata, mjane, mama yake Panagos. Mume wake, Stratis, alikuwa ameokotwa chini ya magenge ya pwani baada ya kwenda kuwinda kware pamoja na Liakos.

Kwetu kuomboleza ni kuzungumza. Mmoja akishika ombolezo hakatizwi, na akimwuliza mtu jambo ndani yake, mtu huyo hujibu pale pale. Asipojibu, amekubali. Stamata alianza na maneno aliyofundishwa, kisha akayaacha. Alimgeukia Liakos, ambaye siku ile alilipwa kusimama na taa kando ya jeneza, akamwuliza kwa wimbo: mume wangu mlipanda naye, mbona uliteremka peke yako?

Liakos hakujibu. Mwongozaji, ambaye hakuelewa hata neno la lahaja yetu, alipiga makofi kwa furaha. Miezi michache baadaye, studioni, Metaxia aliimba maneno mengine, ya miti na ndege, juu ya midomo ya Stamata. Filamu ikatoka hivyo. Stamata aliitazama mara moja, hakusema kitu, na sasa alikuwa amekwisha kufa.

"Siku hizi hatuuani," nilisema, ili kusema chochote.

"Hatuuani, tunasalimiana," alisema Liakos. "Tangu Panagos arudi kutoka melini, kila asubuhi anaweka kiti mbele ya lango langu. 'Umeamkaje, mzee Liakos? Miguu inaendeleaje?' Wanaoniulizia miguu yangu ni daktari na yeye tu. Metaxia, mimi ni ndugu yako. Ukiiachia sauti ile, unaniua."

"Basi niambie nini kilitokea kule juu, niizuie."

Tulisubiri. Mafuta yalichemka mpaka nikaondoa karai motoni. Liakos alishika mkongojo wake.

"Hata mimi," alisema Metaxia taratibu, "hunijibu."

Jioni ile aliwapigia Athens. Aliwaambia watumie sauti ya shambani.

Mwezi wa Agosti kijiji kizima kilikuja na viti vyake uwanjani. Panagos alikaa mbele. Liakos alikuja pia, amevaa suti. Nadhani alijua kwamba kutokuja kungekuwa jibu. Sauti ya Stamata ilipopanda juu ya paa zetu, wazee walivua kofia. Swali likaulizwa. Pale kwenye kitambaa cheupe, kijana Liakos alisimama na taa mkononi, mdomo ameufumba. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa nyuma yangu.

"Nilimsukuma," alisema Liakos mzee. "Tuligombania kware. Sikujua kama ukingo uko karibu vile."

Hakuna aliyemkatiza. Panagos aliinuka, akakunja kiti chake. "Asante, mzee," alisema. "Ulale salama."

Kulipokucha, lango la Liakos lilikuwa wazi na mkongojo wake umeegemezwa ukutani. Yeye hakuonekana tena. Polisi walikuja, wakauliza nyumba hadi nyumba, wakaondoka na kimya chetu. Tulitafuta chini ya magenge, kwa miguu na kwa mashua. Panagos bado hutoka asubuhi, huweka kiti chake palepale, na hutuuliza sote tumeamkaje.

Metaxia aliacha kutoka nje. Kitabu chake alikitoa kabatini, akakiweka mezani, sikumwona akikifungua. Mwezi wa Novemba, siku moja kabla ya kiharusi kilichomnyamazisha na baadaye kumchukua, nilimpelekea mkate. Upepo ulikuwa mkali. Nilisimama nje ya mlango, nikamwita, nikajiweka tayari kuita mara ya pili kama kawaida.

Sikuwahi kuita tena. Kutoka gizani jibu lilikuja papo hapo, kama la mtu aliyekaa muda mrefu akingoja zamu yake ya kusema.

"Nakusikia, Liakos. Ingia, kaka, mlango uko wazi."