Koki Iliyopakwa Rangi Miaka Kumi na Tisa

Wapangaji walimwita Mhandisi, naye hakuwakatalia. Kilikuwa kilemba cha ukoka, leo analijua hilo na hulisema mwenyewe, lakini kilimkaa vizuri kichwani kwa miaka kumi na tisa, tangu alipokabidhiwa funguo za jengo lile la ghorofa nne ili aliangalie. Kabla ya hapo alikuwa mpaka rangi. Bomba hakuwahi kulishika ila kwa brashi. Sasa mtu akikuuliza kwa heshima, "Mhandisi, mbona hili bomba linavuja?", utamjibuje kwamba hujui? Alikuwa akitazama kidogo, anakunja uso, anasema, "Presha hiyo," kisha anajificha nyuma ya ngazi na kumpigia simu fundi.

Fahari yake ilikuwa koki kuu. Ilikaa kwenye kijichumba chini ya ngazi, pale bomba la barabarani linapoingia jengoni: koki nzito ya zamani yenye usukani mdogo wa chuma. Ukizungusha usukani mpaka mwisho, nyumba nzima inakauka. Ndivyo alivyoambiwa, naye akaamini. Kila mwaka, mwezi wa kwanza, aliifuta vumbi na kuipaka rangi nyekundu ya mafuta, usukani, shingo, nati na vyote, halafu akarudi nyuma hatua mbili kuifurahia kazi yake. Ukutani aliandika kwa herufi kubwa: KOKI KUU. USIGUSE. Katika jengo lile hakuna tangazo lililowahi kutiiwa, si la takataka wala la kuanika nguo kwenye ngazi. Hilo lilipata mtu mmoja wa kulitii, naye ni yule aliyeliandika.

Fundi bomba wa kweli alikuwa binti yake, kitinda mimba, aliyeajiriwa na idara ya maji. Kila alipokuja kumjulia hali babake alichungulia chini ya ngazi na kuuliza kama ameizungusha. Alimweleza kwamba koki ya namna ile isipofungwa na kufunguliwa walau mara mbili kwa mwaka, hushikana ndani kwa kutu, na siku ya shida haisogei. Baba akamjibu kwamba koki inang'aa. Binti akasema hajauliza kama inang'aa. Baba akashangaa kwa sauti huyu mtoto mbishi amemrithi nani, wakaishia kunywa chai.

Jumapili moja, saa nne asubuhi, bomba lilipasuka ghorofa ya kwanza, juu kabisa ya chumba cha Mama Cherehani. Mpangaji wa huko juu alikuwa safarini na mlango wake umefungwa. Mama Cherehani ni mjane, na chini ya dari ile alikuwa amepanga sare sitini za shule, zimeshonwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na mwalimu mkuu alishamwambia kwamba zikichelewa, kazi itakwenda kwa mtu mwingine. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza tangu mumewe afariki. Sasa dari ilikuwa inamwaga maji ya rangi ya chai juu yake.

"Mhandisi, funga maji," alisema, ametulia kabisa, kwa maana alijua hilo ni jambo la dakika moja.

Mhandisi pia alijua hivyo. Hata kukimbia hakukimbia. Alitembea mwendo wa mtu anayesubiriwa, akainama chini ya ngazi, akaushika usukani. Haukusogea. Akaushika kwa mikono miwili, akakaza meno, ukakaa vilevile. Akachukua kipande cha bomba, akakichomeka kwenye usukani na kukiegemea kwa uzito wake wote, na ule ni uzito wa mtu asiyekosa chai ya saa nne. Kitu kikalia ka. Usukani ukamjia mikononi pamoja na kipande cha shingo, mwekundu, umependeza, na koki ikabaki wazi kama ilivyokuwa. Alibaki amesimama kama dereva aliyeachwa na gari lake.

Alimpigia binti yake. Aliyatarajia maneno, tena aliyastahili, lakini binti alisema tu, "Nakuja. Toeni nguo." Alifika baada ya dakika arobaini na ufunguo mrefu wa chuma wa kufungia koki ya barabarani. Hadi wakati huo nguo zote zilikuwa zimetolewa, ila thelathini na nane zilikuwa zimelowa chapachapa na kuingia madoa ya kutu.

Maji yalipokatika, binti aliikata koki ya zamani kwa msumeno na kuanza kufunga mpya, ile ya mkono unaogeuzwa mara moja tu. Mama Cherehani alikaa kwenye ngazi, sketi iliyolowa mapajani.

"Si kosa lako, Mhandisi," alisema. "Vitu vya zamani ndivyo vilivyo. Wa kulaumiwa ni mwenye nyumba."

Ulikuwa mlango wazi, na mwenye nyumba hakuwepo kujitetea. Mhandisi alishavuta pumzi ya kukubali. Binti yake alikuwa anazungushia tepu nyeupe kwenye hesi za bomba, polepole, bila kuinua macho. Usukani ulikuwa bado mkononi mwa baba, na pale ulipokatika tabaka za rangi zilionekana wazi, mwaka juu ya mwaka. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

"Ni mimi," alisema. "Sijawahi kuizungusha hata siku moja. Nilikuwa naipaka rangi. Huyu mwanangu ameniambia mpaka amechoka. Na mimi si mhandisi, mama. Ni mpaka rangi."

Mama Cherehani aliiinua ile sketi mapajani, akaikamua maji.

"Mpaka rangi ana mkono mtulivu?" aliuliza.

"Anao."

"Basi utapiga pasi."

Wakafua wanawake watatu wa jengo kwa maji ya ndoo, madoa ya kutu wakayatoa kwa ndimu na chumvi, jua likakausha, na kuanzia saa tisa Mhandisi alisimama mbele ya meza. Sketi ya kwanza aliirudia mara nne, maana kila rinda moja alilolinyoosha lilizaa mengine mawili. Ya kumi ilikubalika. Jua lilipozama zilikuwa zimekwisha zote, mgongo unamuuma na hana wa kumlalamikia. Kesho yake alizibeba mwenyewe hadi shuleni, sitini kamili, kabla ya kengele.

Siku hizi tarehe mosi ya kila mwezi hubisha hodi kila mlango, anatangaza dakika mbili za kukosa maji, anafunga koki mpya na kuifungua. Wapangaji hunung'unika. Aliomba ruhusa ya kuupaka rangi ule mkono, kidogo tu. Binti yake akaondoka na brashi.

Jina la Mhandisi limekufa. Jengo zima, kuanzia Mama Cherehani, linamwita Mpiga Pasi, naye huitika papo hapo anapoitwa, kwa sababu hiyo angalau ni kazi aliyowahi kuifanya.