Upotevu Uliobaki

Loisi Mwazembe alijifunza hesabu kabla hajajua kusoma, na aliyemfundisha alikuwa gunia. Nyumbani kwao Igamba, kila baada ya mavuno, wanunuzi walifika na malori yao wakamkuta baba yake, mzee Yesaya, ameketi kando ya mahindi na debe lake na ufito mfupi wa mti uliolainika kwa kushikwa miaka mingi. Debe likijaa, mzee aliupitisha ufito mdomoni mwa debe, kilima cha punje kikadondoka, debe likabaki bapa. Madebe sita ya namna hiyo ndiyo gunia. Wanunuzi walitaka saba. La saba walilishonea kofia ya wavu juu ya mdomo wa gunia, wakapata ile lumbesa inayojulikana na kila mkulima wa Mbozi, na baada ya kuishona bado waliiita gunia moja.

"Mzee, mbona unatubana hivyo? Gunia ni gunia," walimwambia.

"Gunia ni gunia likiwa gunia," Yesaya alijibu. "Hilo lako lina mimba."

Majirani walicheka, kisha wakauza. Yesaya aliuza wa mwisho, na miaka mingine hakuuza kabisa, mahindi yakaliwa na dumuzi ndani ya kihenge. Binti yake wa miaka sita, aliyekuwa akimshikia debe, aling'amua jambo ambalo watu wazima wenye vyeo hawajaling'amua hadi leo: namba yaweza kuwa sahihi na bado ikadanganya, mradi anayeitamka asiseme ni namba ya nini.

Ndiyo maana alisoma hisabati hadi chuo kikuu, katika darasa ambalo wanawake walikuwa wanne. Ndiyo maana pia, katika miaka kumi na tisa ya kufundisha sekondari huko Mpemba, kando ya mji wa mpakani wa Tunduma, kalamu yake nyekundu ilichoka kuandika maneno mawili pembeni mwa daftari: *Ya nini?* Mwanafunzi akiandika kwamba bei imepanda kwa asilimia ishirini, anakutana na *Ya nini?* Wanafunzi wakamwita Mwalimu Yanini. Alilijua jina hilo na hakulikasirikia. Kuna watu huitwa vibaya zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Gibson, kijana mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa kuridhika, ambaye baadaye alikwenda Dar es Salaam akaajiriwa na kampuni ya kutengeneza gemu za simu. Siku moja, mwalimu akiwa hajamsikia kwa miaka saba, simu yake ililia.

"Shikamoo Mwalimu. Ni Gibson, yule wa dawati la nyuma."

"Marahaba. Yule aliyekuwa haonyeshi njia."

"Bado sionyeshi, Mwalimu, ila siku hizi nalipwa," Gibson alisema, wote wawili wakacheka.

Kampuni yake ilikuwa ikitengeneza gemu ya mikakati iitwayo Ngome Saba. Mchezaji anajenga mji, analima, anahifadhi nafaka, anaweka jeshi, anazingirwa na maadui au anawazingira wao. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza; walitaka toleo la Kiswahili, na walitaka mtu anayejua lugha na hesabu pamoja. Jina lake lingeandikwa ndani ya gemu, kila mchezaji alione.

Loisi aliifanya kazi hiyo kwa wiki sita za likizo, mezani kwake, simu ya gemu mkono mmoja na kalamu mkono mwingine. Alistaajabu kwamba kitu kilichoundwa na mashine, ambayo haiwezi kutenda lolote bila kuelezwa kwa ukamilifu, kilielezwa kwa binadamu kwa ulegevu wa namna ile. *Huongeza nguvu mara mbili zaidi*: ni mara mbili, au ni mara tatu? *Wastani wa askari 50 hadi 80*: tangu lini wastani ukawa na miguu miwili? *Bahati +10%*: kutoka ishirini hadi thelathini, au kutoka ishirini hadi ishirini na mbili? Mashine ilijua. Aliyeitengeneza alijua. Mchezaji peke yake, ambaye mji wake ndio ungeungua, ndiye aliyeachwa akisie.

Mengi aliyarekebisha kimyakimya. Lakini mstari mmoja ulimkwama kooni, nao ulikuwa wa ghala: *Hupunguza upotevu kwa 50%.* Bila ghala, kila zamu dumuzi walikula magunia arobaini katika kila mia. Ukijenga ghala, walikula ishirini. Na ukijenga la pili? Aliyesoma maandishi yale angesema nusu na nusu ni kamili, upotevu umekwisha. Au angesema la pili linakata nusu ya kilichobaki, dumuzi wanakula kumi. Loisi aliuliza, na majibu yakaja kwamba ni kumi. Basi akaongeza neno moja: *Hupunguza upotevu uliobaki kwa 50%.* Akaona ni kazi safi, kama debe lililofutwa.

Siku ya tatu baada ya kuituma kazi, Gibson alipiga simu.

"Mwalimu, ule mstari wa ghala tumeurudisha ulivyokuwa."

"Kwa nini?"

"Kisanduku ni kidogo. Neno halienei."

"Punguzeni ukubwa wa herufi."

"Tatizo si herufi tu, Mwalimu. Bosi anasema mchezaji hasomi. Anaangalia namba, anafurahi, anabonyeza. Ukimwekea 'uliobaki' anaanza kufikiri, akifikiri anafunga gemu."

"Gibson, hiyo ni lumbesa."

"Ni nini?"

Alimweleza habari za gunia. Gibson alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mama yake anywe dawa: "Mwalimu, funika kombe mwanaharamu apite. Ni neno moja katika mistari mia nne. Saini tu, jina lako liingie. Mimi binafsi nitajivunia."

Hapa inafaa kusema ukweli, kwa kuwa Loisi mwenyewe hakuwahi kuuficha. Angeweza kukataa. Yesaya angekataa, angebaki na mahindi yake na dumuzi wake. Lakini Loisi alikuwa na miaka arobaini na saba, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kuandika jina lake mahali popote isipokuwa kwenye ratiba ya vipindi. Alisaini.

Ngome Saba ilienea Tunduma kama moto wa nyika mwezi wa tisa. Madereva waliokwama kwenye foleni ya malori waliicheza, wauza vitenge waliicheza, na walioicheza kwa Kiswahili waliliona jina kila walipoifungua: *Lugha na Hesabu: Mwl. Loisi Mwazembe, Tunduma.* Watu walimsimamisha njiani kumpongeza. Ukazuka msemo kwamba gemu nyingine zina ujanja, lakini hii hesabu zake amezipitia Mwalimu Yanini.

Aliyeuamini msemo huo kuliko wote alikuwa Tusekile, binti wa watu wa Ibaba kule Ileje, karani wa wakala wa forodha hapo mpakani. Kazi yake ilikuwa kujaza fomu za malori, na tarakimu moja ikikosewa lori hulala siku mbili. Kwa hiyo alikuwa msomaji, si mbonyezaji. Alikuwa amefundishwa na Loisi miaka minne. Ilipoandaliwa mechi baina ya Tunduma na Nakonde, mji wa Zambia ulio ng'ambo ya mpaka, yeye ndiye aliyechaguliwa nahodha. Wanaume wawili walinung'unika kwamba wanaongozwa na msichana wa fomu. Tusekile aliwajibu, "Nyie mnacheza kwa mkono, mimi nacheza kwa kusoma. Tutaonana Jumamosi."

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Loisi aliwekwa mstari wa mbele, kiti chenye mto. Upande wa Nakonde nahodha wao alikuwa Lusungu, muuza matairi mwenye kitambi na vicheko, ambaye alimsalimia Loisi kwa heshima ya kwao: "Mwaiseni, bamayo!" yaani karibu mama, kana kwamba ukumbi ulikuwa wake.

Mchezo ulipofika katikati, jeshi la Lusungu liliuzingira mji wa Tusekile. Skrini kubwa ilionyesha yote: ghalani magunia mia tisa, watu wanakula mia moja kila zamu, kikosi cha msaada kitafika zamu ya tisa. Tusekile alikuwa na nafasi ya kutoka na kupigana mapema akiwa bado na nguvu. Hakutoka. Alijenga ghala la pili, akaegemea kiti, akamgeukia Loisi na kumwonyesha vidole tisa akitabasamu.

Loisi aliitazama skrini tena. Alianza kutoa na kuzidisha kichwani, sehemu ya kumi kwa dumuzi kisha mia kwa watu, na kabla mashine haijafika alikuwa amekwisha kufika: mia saba na kumi, mia tano thelathini na tisa, mia tatu themanini na tano. Kanuni zilikataza mtazamaji kusema, naye alikaa akimtazama binti akifa njaa kwa sentensi aliyoitia saini yeye. Mwisho wa zamu ya sita ghalani hayakubaki magunia hata kumi. Zamu ya saba askari wa Tunduma walitupa silaha. Lusungu aliingia mjini bila kurusha mkuki.

Kelele zilipotulia, Tusekile alisimama mbele ya kiti chenye mto. Hakulia. Ingekuwa heri angelia.

"Mwalimu, nusu na nusu si kamili?"

"La pili linakata nusu ya kilichobaki."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Lusungu, na wewe ulijua?" Tusekile aliuliza bila kugeuka.

"Awe, hapana bamayo, sisi hatukusoma hata," Lusungu alisema, akiwa ameona aibu kidogo kwa ajili yao. "Toleo la Kiingereza nalo limeandikwa hivyohivyo. Tulijenga maghala mawili kwenye mchezo wa majaribio tu, tukahesabu magunia. Maandishi ya gemu nani anayaamini?"

"Mimi niliyaamini," Tusekile alisema. "Yalikuwa na jina." Mmoja wa wale wanaume wawili akacheka nyuma yake: "Si ulisema unacheza kwa kusoma?" Binti akachukua mkoba wake akaondoka, na tangu siku hiyo, akikutana na mwalimu wake barabarani, humwamkia kama mtu amwamkiavyo mgeni.

Loisi alimpigia Gibson jioni ileile. Alidai moja kati ya mawili: neno lirudishwe au jina litolewe. Gibson aliahidi, kisha akanyamaza mwezi mzima. Alipopiga tena alikuwa na furaha.

"Mwalimu, toleo jipya limetoka! Malalamiko yenu ya Tunduma yalifika mpaka juu. Ule mstari tumeubadilisha, hautamdanganya mtu tena. Fungua uone."

Alifungua. Mahali pa namba palikuwa pameandikwa: *Hupunguza upotevu kwa kiasi kikubwa sana.*

Loisi alihesabu herufi na alama, bila nafasi wala nukta ya mwisho, maana ndivyo alivyo. Mstari wake, ule usioenea kisandukuni, ulikuwa na thelathini. Huu ulikuwa na thelathini na tano, na ulienea vizuri.

"Gibson, kisanduku kimekua?"

"Tulikiongeza kidogo."

"Na jina langu?"

"Hilo Mwalimu haliwezekani sasa, liko kwenye mkataba. Lakini tumelikoleza rangi."

Wiki iliyofuata, shuleni, alikuwa akisahihisha darasani zoezi la asilimia la kidato cha pili, maswali yakiwa ubaoni. Swali alilitunga mwenyewe, na alikuwa amelipima neno kwa neno: shehena inapoteza magunia arobaini kati ya mia, hatua ya kwanza inapunguza upotevu kwa nusu, hatua ya pili inapunguza upotevu uliobaki kwa nusu, yanapotea mangapi? Daftari la Dina, msichana wa mstari wa pili mwenye ulimi usiolala, lilikuwa na jibu bila njia: *Yanapungua kwa kiasi kikubwa sana.*

Alimwita mezani. Darasa zima likainua vichwa.

"Hili ni jibu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umelipata wapi?"

"Kwako," Dina alisema, na wala hakusema kwa utovu wa adabu. "Kwenye Ngome Saba. Mstari wa ghala."

Loisi alifungua kalamu nyekundu, akaweka sifuri, akaandika pembeni *Ya nini?* kama alivyoandika kwa miaka kumi na tisa, na akamrudishia daftari.

"Mwalimu, mimi nimepata sifuri. Mbona wewe, kwa jibu hilohilo, waliliandika jina lako?"

"Kaa chini, Dina," alisema Loisi, na alipogeukia ubao hakukumbuka alikuwa amefika swali la ngapi.